Homa ya Chujio la Kilimani

Tunu mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Ujiji kuaga, na kwa ninavyowajua watu wa kule, kila nyumba utakayoingia utaambiwa ukae ule kwanza, kwa hiyo hutarudi kabla ya magharibi. Nimeona niitumie nafasi hii kuandika. Nikisubiri urudi nitaanza kukuuliza kama begi limefungika, nitakikagua chandarua, tutagombana juu ya viatu, na basi la asubuhi litakuchukua sijasema neno. Ndivyo nilivyofanya miaka yote hii. Kila nikitaka kusema nimekimbilia viatu.

Basi humu hutakuta habari za chandarua. Hayo utayajua mwenyewe.

Nataka kuzungumza juu ya ulichoniambia juzi jikoni. Nilikuuliza tena kwa nini umeikataa nafasi ya chuo cha ufundi, wewe uliyewashinda wavulana wote darasani kwa fizikia, ukachagua kwenda kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Kasulu kuandikisha watoto waliopotezana na wazazi wao. Ulikuwa unamenya ndizi. Hukuinua uso. Ukasema, "Mama, mkono wangu mimi haufai kwenye mitambo. Unajua mwenyewe." Kisha ukaendelea kumenya kama mtu aliyesema mvua itanyesha.

Ninajua mwenyewe, na ndiyo maana sijapata usingizi tangu juzi. Kazi ya kambini ni kazi njema, sikuzuii hata kidogo. Lakini kama unaiendea kwa sababu ya ule ungo wa dagaa, basi unakwenda kubeba mzigo wangu, na mimi nimekaa kimya nikikutazama unaufunga kichwani. Chuo bado hakijafunguliwa. Soma hadi mwisho, halafu uamue utakavyo.

Unakumbuka kituo chetu cha simu kilivyokuwa. Ulikuwa darasa la tatu. Baba yako alikwisha kutuacha akarudi Muheza, akisema Kigoma ni mwisho wa reli na yeye si mzigo. Mimi nilibaki kwa sababu ya kazi. Nilikuwa fundi mwanamke peke yangu pale kilimani, na watu wa Bangwe waliniita Mama Mnara. Nililipenda jina hilo kuliko ninavyoweza kukueleza. Nikipita mwaloni, wanakoshushia samaki, wachuuzi walikuwa wakiacha kugombana ili wanisalimie.

Mtambo wetu ulikuwa na kazi ngumu. Milima ya Kalinzi imekaa katikati, na siku hizo hapakuwa na mnara wa kupokezana huko juu, kwa hiyo ili simu zifike kambini ilibidi turushe mawimbi kwa nguvu kubwa mno. Kabla hayajaingia kwenye antena yalipita kwenye chujio, lile sanduku la shaba lenye vyumba vyumba ndani, ambalo kuta zake zilipakwa madini ya fedha. Kazi yake ni kuruhusu mawimbi yetu peke yake na kuyazuia mengine yasiende kuwasumbua watu wa ndege. Lakini hakuna chujio linalopitisha kila kitu bila kujibakizia. Sehemu ya nguvu hubaki kwenye kuta na kugeuka joto. Sanduku likipata joto linatanuka, vyumba vinapoteza kipimo chake, mawimbi yanakwama zaidi, joto linazidi. Likianza hivyo halijui kusimama. Ndiyo maana kulikuwa na feni mbili nyuma yake, zikivuta hewa kupitia wavu wa ukutani, na hewa ya moto ikitoka kwa juu kwenye kile chumba kidogo cha pembeni.

Nilikueleza hayo yote ukiwa umekaa juu ya ndoo, miguu ikining'inia. Wengine waliniambia namchosha mtoto. Wewe hukuchoka. Ulikuwa na mchezo wako: ukitoka shule unaweka kiganja kwenye mlango wa kabati la chujio, unafumba macho kama mganga, halafu unatoa majibu. "Mama, leo lina baridi." "Mama, leo limechangamka." Nami naenda kutazama kipimo cha joto ukutani, na mara nyingi nakuta umepatia. Nilikuwa nacheka. Nilijivuna pia, nisikufiche.

Sasa Mama Esperansi.

Alivuka ziwa mwaka ule watu walipokuja kwa wingi, akapata hifadhi kwa shangazi yake Bangwe badala ya kwenda kambini. Kule ng'ambo, kwenye purukushani za kupanda mitumbwi, mwanawe Dezire alipakiwa kwenye mtumbwi mwingine. Wa mama ukatua huku, wa mtoto haukujulikana ulitua wapi. Unamkumbuka alivyokuwa mwembamba, na alivyokuwa akikuita mwana wanje, yaani mwanangu, hata mbele yangu, nami sikuona wivu kwa sababu nilijua anamwita nani. Alikuwa akinunua dagaa wabichi asubuhi, anawaanika mchangani, anauza wakikauka. Kwa hao dagaa aliishi na kwa hao alilipia simu zake za kumtafuta mtoto.

Masika ile jua liligoma. Siku nzima wingu, jioni mvua. Dagaa walioza mchangani, pwani yote ya Bangwe ikanuka. Akaja kilimani amejifunika gunia.

"Mama Tunu weee," akasema, "dagaa zangu zinaoza. Watu wanasema huku kwako kuna moto usio na moshi. Ni kweli?"

Nilitakiwa kusema hapana. Kile chumba cha pembeni kilikuwa na bango jekundu mlangoni, na bango lenyewe nililiandika mimi. Nikasema, "Lete ungo mmoja tu."

Sijutii ungo ule wa kwanza. Nikiwa mkweli, hata leo angekuja na gunia lile begani ningempokea. Lakini ungo mmoja ukawa nyungo mbili, zikawa nne, na wewe ndiye uliyekuwa ukizipitisha kwenye kidirisha cha nyuma kwa sababu mwili wako ulikuwa mdogo. Mimi nilikutuma. Hukuwahi kuingia mle kwa utundu. Nakuandikia hili waziwazi kwa sababu nimekusikia ukiwasimulia wenzako kwamba ulikuwa mtoto mtundu. Hukuwa mtundu. Ulikuwa mtoto anayetumwa na mama yake.

Ukaja ujumbe kutoka kambini. Mtoto mmoja anaitwa Dezire, ana kovu kidevuni, na kesho yake saa za mchana angewekwa kwenye simu ili Mama Esperansi aongee naye athibitishe ni wake. Ilikuwa lazima iwe siku hiyo, kwa sababu watoto wasio na wazazi walikuwa wanahamishwa kupelekwa mbali. Mama Esperansi alikuja kuniambia akiwa anacheka na kulia pamoja. Akaniomba jambo moja. Nyungo zake nne zikauke upesi ili auze, apate nauli ya kumfuata mtoto.

Nikazima feni ya pili.

Nimekaa na sentensi hiyo miaka kumi, na sasa nimeiandika naona ni fupi kuliko nilivyodhani. Feni ya pili ilikuwa inapoza chujio, lakini ilikuwa inakipoza na kile chumba. Dagaa walikuwa wanakauka nusu nusu. Nikajiambia feni moja inatosha kwa asubuhi moja, mbona usiku inatosha. Usiku mtambo ulikuwa haubebi simu nyingi, nami nilijua, ila nilijifanya sijui. Kazi yangu yote, mshahara wangu, lile jina la Mama Mnara, vyote vilikuwa juu ya kulipunguzia joto sanduku lile. Na mimi nikaliongezea joto ili dagaa wakauke.

Ulipitisha nyungo, ukaja mbele kuniaga uende shule. Ukaweka kiganja chako mlangoni kama kawaida. Sijui kama unakumbuka. Namwomba Mungu uwe unakumbuka, na namwomba pia uwe umesahau. Hukufumba macho siku ile. Uliuondoa mkono haraka ukasema, "Mama, leo lina homa."

Nikakujibu, "Nenda shule, acha dagaa wakauke."

Ulisita pale mlangoni. Ukasema tena, "Mama, lina homa kweli." Nikakuinulia kidole. Ukaenda.

Lilikufa kabla ya adhuhuri. Kwanza harufu, kisha mlio kama mafuta yakimwagikiwa maji, kisha mtambo wote ukanyamaza. Nilipolifungua, kuta za ndani zilikuwa nyeusi na chumba kimoja kimepinda. Na unajua nilichofanya kwanza, kabla ya kupiga kengele, kabla ya kumkumbuka Mama Esperansi aliyekuwa amekaa kwenye nyumba ya simu mjini na khanga yake mpya? Niliiwasha ile feni ya pili.

Mkuu wetu, Mzee Hamisi, alifika akihema. Akakuta feni zote mbili zinazunguka. Akachungulia nyuma akaona ungo mmoja umeteleza ukaegemea wavu wa hewa, na magamba yamenasa. Ungo ulikuwa umeteleza kidogo tu, Tunu. Ulikuwa umeziba robo ya wavu, pengine hata robo haifiki. Nilipima baadaye, mara nyingi, peke yangu. Kwa feni mbili chujio lingevumilia ungo ule hadi jioni. Kilicholiua ni kuizima ile ya pili, na hiyo niliizima kwa kidole hiki ninachoshikia kalamu.

Akauliza, "Nani kaingiza dagaa humu?"

Ningesema mimi, ningefukuzwa siku hiyo hiyo. Ningesema Mama Esperansi, angekamatwa, mkimbizi asiye na kibali kwenye jengo la serikali. Hayo ndiyo niliyojiambia miaka yote, kwamba nilikuwa namlinda yeye na kukulisha wewe. Lakini wakati mdomo unafunguka sikuwaza hata moja kati ya hayo. Niliona tu uso wa Mzee Hamisi, nikaogopa kuacha kuwa Mama Mnara. Nikasema, "Ni mwanangu. Watoto, Mzee. Aliingia kucheza."

Mtoto hafukuzwi kazi. Ndivyo nilivyopiga hesabu.

Ulitoka shule ukiruka ruka ukakutana naye getini. Nilikuwa nyuma yake. Nilisikia kila alilokufokea, mbele ya walinzi, mbele ya wanawake waliokuwa wanateka maji. Ulinitazama. Ulikuwa unangoja niseme kitu, nami nikainama nikajitia kufunga kamba ya kiatu. Unaona ninavyovipenda viatu.

Jioni ulinijia kitandani ukaniuliza, "Mama, niliuweka vibaya ungo?" Hukuuliza kwa nini nilisema uongo. Ulikuwa umekwisha kuumeza. Hapo nilikuwa na nafasi ambayo Mwenyezi Mungu hatanipa tena, chumba kimetulia, wewe umenishika mkono. Nikasema, "Basi, yamepita." Nilidhani nakufariji. Kumbe nilikuwa nagonga msumari wa mwisho.

Chujio jipya lilikuja kwa treni, na treni yenyewe ilikwama njiani kwa mafuriko. Lilipofika na simu zikarudi, Dezire alikuwa amekwisha kuhamishwa. Mama Esperansi alikuwa ameondoka zamani kwa miguu na kwa malori, akafika kambini akakuta hema tupu. Akabaki huko huko ili asikose tena. Siku anaondoka ulikwenda kwake na maandazi yako ya shule umeyafunga kwenye karatasi, ukapiga magoti ukamwomba msamaha kwa ajili ya ungo. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alikuinua akakwambia, "Ihangane, pole, mwana wanje, si wewe, ni mvua." Halafu akanitazama mimi juu ya kichwa chako. Nilikuwa nimemfungulia mlango wa kile chumba asubuhi ile ageuze dagaa zake. Aliisikia feni ni moja. Alijua, Tunu. Hakusema kitu, na sijui kama ni kwa huruma au kwa sababu feni ilizimwa kwa ombi lake. Pengine naye ana usiku wake.

Unajua kwamba baada ya dagaa na machozi yote yale alimpata Dezire, ila alimpata kijana mwenye sauti nzito, anayemwita mama huku akiona haya. Wote wawili wako kule kule unakokwenda. Watu husema ashukuru Mungu amempata. Mimi huwaza ile miaka katikati, meno ya utotoni yaliyong'oka asione.

Nikawa fundi mzuri sana baada ya hapo. Chujio jipya nililitunza kama mgonjwa. Niliosha vyumba vyake kwa mikono yangu hadi fedha ikang'aa, nilikaza skrubu zake kwa mkingamo, moja huku na nyingine mkabala wake, ili viungo vibanane sawasawa, maana kiungo kilicholegea nacho hutia joto. Niliomba likafungwa mapezi ya alumini mgongoni yatawanye joto. Nikabadili nyaya za feni ya pili ili isiweze kuzimwa na mkono wa mtu yeyote mtambo ukiwa unafanya kazi. Wakubwa wakaja kutoka makao makuu wakanisifu kwa hiyo feni. Wakaniuliza wazo nililitoa wapi. Nikatabasamu.

Na wewe ulikuwa umesimama nje ya geti. Hukuingia tena. Nilikuita mara ya kwanza ukasema una masomo. Nilikuita mara ya pili ukasema, "Nisije nikaharibu." Mara ya tatu sikukuita. Nyumbani ukawa hugusi hata redio, ukitaka iwashwe unaniita mimi. Wenzako wa Bangwe wakakubandika jina la Mchoma Mnara, ukalicheka pamoja nao, nami nikajidanganya kwamba anayecheka haumii.

Kwa hiyo unaposema mkono wako haufai kwenye mitambo, nataka unisikilize kuliko ulivyowahi kunisikiliza. Asubuhi ile kulikuwa na watu watatu pale. Mmoja alisomea kazi hiyo, na alikuwa na kipimo ukutani hakukitazama. Mmoja aliisikia feni akanyamaza. Na mmoja, wa darasa la tatu, aliweka kiganja mlangoni akasema lina homa, akasema mara mbili. Huo ndio mkono unaouita haufai. Ulikuwa mkono pekee uliokuwa kazini.

Sikwambii uende chuoni. Nimekwisha kukuamulia mambo ya kutosha kwa ulimi wangu. Ukienda kambini nenda kwa kuwa unapenda watoto warudi kwa mama zao, na utaifanya vizuri kazi hiyo. Ila usiende kulipia ungo. Hukuuangusha wewe, na hata ungo ulivyoteleza haukuchoma kitu.

Utaniuliza mbona sasa. Niliona unamenya ndizi, nikaona umeinamisha kichwa vile vile nilivyoinama mimi nikifunga kiatu. Nikasema basi.

Jana nilipokuaga kwamba nakwenda mwaloni, sikwenda mwaloni. Nilikwenda Ujiji kwa Mzee Hamisi. Amezeeka, anatembelea fimbo, lakini akili yake ni ile ile. Nilimkuta barazani akichagua chikichi za mawese. Nilimwambia yote, kuanzia ungo wa kwanza hadi feni. Nilitegemea anifokee kwa ajili ya mtambo. Aliendelea kuchagua chikichi zake hata nikadhani hajasikia. Halafu akasema, "Mama Tunu, kwa hiyo yule mtoto nilimfokea bure?"

Nikasema, "Bure, Mzee."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

Akafuta mikono yake kwenye kanzu, kanzu nyeupe, ikaingia mafuta yale mekundu, wala hakuangalia. Akaniuliza unasafiri saa ngapi. Nikamwambia. Akasema atakuja stendi, na kwamba atasema mbele za watu, kwa sababu alikufokea mbele za watu. Aliniambia na mimi niwepo nisimame pale pale karibu yake, nisiiname. Nimemwahidi. Kesho nitavaa ndala, Tunu, zile zisizo na kamba.

Kwenye kikapu cha kijani nimeweka dagaa wa Mama Esperansi. Nimewaanika mwenyewe mchangani wiki hii yote, kwa jua. Mwambie hivyo tu, kwamba ni wa jua. Usimwombe msamaha tena, wala usimwombee wangu. Likizo ikifika nitapanda basi hilo hilo nimfuate, nikamwambie mwenyewe na mwanawe akisikia.

Sasa nasikia wanarudi kutoka kuswali, nawe hutakawia. Barua hii nitaiweka chini ya mto wako, nami nitakwenda kukaa kwa jirani mpaka umalize kuisoma. Ukitaka kunifuata, nifuate. Ukitaka kulala bila kusema nami, lala, ni haki yako. Jambo moja tu kwa ajili ya asubuhi. Nimekulea kumwamkia kila mkubwa kabla hajafungua mdomo, na najua ukimwona Mzee Hamisi anakuja na fimbo yake utataka kukimbia kumpa shikamoo. Kesho usimpe. Simama wima umtazame, mwache yeye aanze.

Ni mimi mama yako, niliyeizima feni.